Kichupa Namba Tisa

Jumanne, 6 Mei

Saruji asubuhi. Kutoka kwenye gari hadi nyuma ya kituo cha afya, mahali wanapojenga chumba kipya. Bega la kulia limechubuka. Mvua tangu alfajiri. Butembo yote ni matope.

Saa nane mchana, sanduku jeupe, kama kila Jumanne. Muhindo wa maabara alinipa kwa mikono miwili. Vichupa vitano ndani, kila kimoja na namba. Katika kila kichupa kuna kipande cha titi la mwanamke, kidogo kama punje ya haragi, kimelala ndani ya fomoli. Fomoli ni ile dawa kali inayozuia nyama kuoza. Inachoma macho. Muhindo alisema yale yale ya kila wiki: "Rama, kwa miguu. Moto hapana. Moto inatikisa." Moto ni pikipiki ya kukodi. Kutoka kituoni hadi uwanja wa ndege wa Rughenda ni zaidi ya saa moja ukiwa na mzigo. Siku zote naenda kwa miguu.

Leo nilipanda moto.

Nilichoka. Motari mmoja alisimamisha pikipiki yake karibu yangu, akasema, "Mutu ya Kindu, panda, mvua itakumaliza." Nikapanda. Kwenye mteremko tairi liliteleza. Tulianguka polepole, hakuna aliyeumia. Sanduku lilibingirika hadi mferejini. Nilipofungua, kifuniko cha kichupa kimoja kilikuwa kimepasuka na fomoli yote imemwagika. Namba tisa. Kipande kilikuwa kimenata pembeni, cheupe.

Mtu wa uwanjani huangalia mstari. Kila kichupa kina mstari mwekundu, dawa isipofika hapo anakirudisha. Kando ya barabara kuna chemchemi ambako wanawake huteka. Nikajaza maji mpaka kwenye mstari. Nikafunga kifuniko kwa kipande cha mpira wa tairi. Maji yalikuwa safi, unaona mpaka chini. Mtu wa uwanjani alitazama mistari, akatia sahihi. Ndege ikaondoka.

Nilijiambia ni jambo dogo.

Jumatano, 7 Mei

Saruji. Hakuna aliyeuliza.

Jumapili, 11 Mei

Ninapanga chumba cha nyuma kwa Mama Katungu. Mjane, anauza sombe, majani ya muhogo, sokoni. Mwaka wa sita sasa. Nilipofika kutoka Kindu bila godoro alinipa mkeka wake, na tangu siku hiyo nikirudi kutoka kazini nakuta sahani imefunikwa. Kwa watu anasema, "Huyu ni mutoto wangu ya barabara."

Leo baada ya misa alikuja Mama Masika, mkubwa wa kamati ya wamama wa kituo. Walikaa mlangoni, mimi nilikuwa nafua. Walizungumza juu ya ziwa la Mama Katungu. Sikujua. Ana uvimbe upande wa kushoto tangu Krismasi, na mwezi huu, siku moja kabla ya ule mzigo wangu wa mwisho, alikubali kukatwa kipande.

Mama Masika anasimulia vizuri. Alisema zamani daktari aliona uvimbe, akakata ziwa, basi, wote dawa moja. Sasa wameshajua kwamba uvimbe una aina nyingi. Kuna aina inayokula nguvu za mwili wa kike wenyewe, na hiyo ina kidonge chake, unameza kila asubuhi na unaukatia chakula. Kuna nyingine kidonge hakiiwezi, inataka dawa nyingine. Huwezi kujua kwa macho wala kwa kidole. Mpaka kipande kipelekwe maabara kubwa, huko ndege inakokwenda. Na wanachojua wataalamu wamekijua kwenye miili ya wanawake wa nchi nyingine. Ya kwetu ilikuwa haijaangaliwa. Ndiyo sababu ya utafiti huu wa vichupa.

Wamama hawakukubali hivi hivi. Wakati wa Ebola watu wa hapa walichoka kuambiwa mambo baadaye, yakiwa yameshafanyika. Safari hii wamama walikaa mara mbili na madaktari, wakaweka masharti yao. Kila mwanamke apewe namba yake mkononi. Kila mwanamke aambiwe kipande chake kimekwenda wapi. Na kipande kisichofaa, au kilichobaki, kirudishwe, mwenyewe akizike. Kitovu cha mtoto tunakizika mgombani, alisema Mama Masika, na ziwa lililomnyonyesha huyo mtoto litupwe jalalani? Madaktari waliandika, wakatia sahihi.

Kisha Mama Katungu akatoa kadi yake kwenye kitambaa cha kichwa amwonyeshe. Mimi nilikuwa nakamua shati. Niliona namba.

Tisa.

Jumatatu, 12 Mei

Sikulala vizuri. Sikula. Nilisema tumbo.

Jumanne, 13 Mei

Sanduku. Kwa miguu, njia nzima, nikilishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili. Pale kwenye chemchemi sikutazama.

Pengine maji hayadhuru. Nilifika darasa la sita tu. Mimi najua nini?

Jumanne, 27 Mei

Kila nikirudi Mama Katungu ananiuliza kama majibu yamekuja, kwa kuwa mimi ndiye wa kituo. Ananiuliza kwa heshima, kama vile mimi ni mtu wa ofisi. Nasema bado, Mama. Anasema haya, Mungu hana haraka.

Jumanne, 3 Juni

Majibu yalikuja. Manne. La tisa halikuja. Ilikuja karatasi, na kichupa chenyewe kimerudishwa ndani ya mfuko uliofungwa. Karatasi inasema kipande kimeoza, ndani hapakuwa na dawa, palikuwa na maji.

Waliniita ofisini. Mkubwa wa kituo, daktari, na Muhindo amesimama ukutani. Mkubwa aliniuliza kama sanduku lilifika salama. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nilikwenda kwa miguu. Nikasema ndiyo. Muhindo alinitazama. Hakunitazama kwa ubaya. Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali fulani akakisahau.

Uongo mara mbili, kwa neno moja.

Jumatano, 4 Juni

Wamemsimamisha Muhindo. Wanasema alitia maji, fomoli akawauzia watu wanaohifadhi maiti. Alipita getini na mfuko wake mmoja. Anarudi kwao Beni. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nina karai la mchanga. Nilijifanya sikumwona.

Jumapili, 8 Juni

Mji umeshajua. Barabarani wanasema ni biashara tena, kama wakati wa Ebola. Wanasema nyama ya wanawake wetu inauzwa nje, na kilichorudi ni nyama ya mbuzi ndani ya maji. Wabebaji wenzangu waliniuliza, mimi mwenye kubeba sanduku. Mmoja akasema, "Rama, wewe unabebaka mishikaki ya batu." Wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Naandika ili nisisahau kwamba nilicheka.

Jumanne, 10 Juni

Leo hapakuwa na sanduku. Wanawake wanne waliokuwa waje kukatwa hawakuja. Mama Masika alizunguka nyumba kwa nyumba, amerudi na viatu vimejaa matope na sauti imekauka. Mlango mmoja walimmwagia maji ya vyombo.

Amemwomba Mama Katungu akatwe upya, kwa sababu bila kipande daktari hajui ampe dawa gani. Mama Katungu alikataa. Alisema walishakula kimoja, hawatakula cha pili. Kichupa kilichorudi pia amekataa kukipokea. Kiko kabatini kituoni.

Jumatano, 11 Juni

Nilirudi nikakuta harufu uani. Nilisimama palepale.

Majani yaliyopondwa na mafuta ya mawese na kitu kingine kichungu. Mama Katungu alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo, kanga imefungwa kifuani, bonge la majani limetokeza pembeni. Mwanamke mmoja wa sokoni amemletea. Alisema linauvuta uvimbe nje.

Harufu hiyo naijua. Dada yangu Zaina alipakwa majani hayo hayo kule Kindu, miezi saba. Alikuwa na uvimbe hapohapo. Mwishoni tulikuwa tunamletea chakula tukiwa tumeziba pua, na yeye anaona. Niliondoka Kindu wiki mbili kabla hajafa. Watu nimewaambia nilifuata dhahabu. Nilikimbia harufu.

Na sasa nimeileta mwenyewe katika nyumba ya mama aliyenipa mkeka.

Alikuwa amefunika sahani yangu. Sombe na samaki mdogo. Nilikula yote, kwa sababu angeniuliza. Kila tonge lilikuwa kazi.

Alhamisi, 12 Juni

Beni. Nilipanda lori la sementi kabla ya jua, nikapewa nafasi kwa sharti la kushusha mzigo. Vizuizi vya askari njiani. Mmoja aliuliza ninatafuta nini Beni. Nikasema ndugu.

Nilimkuta Muhindo kwa mama yake. Kakao imeanikwa kwenye turubai uani na yeye anaigeuza kwa mguu, suruali imekunjwa. Hakushangaa kuniona. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Moto, mteremko, kifuniko, chemchemi, mstari. Aliendelea kugeuza kakao. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Maji ilikuwa safi?"

"Ndiyo."

"Bien. Basi uliosha nyama mbele ya kuipika, mutu ya Kindu."

Alicheka peke yake. Kicheko hicho kilinichoma kuliko kofi. Kisha akaniambia nikae, mama yake akaleta ugali, na akanieleza polepole nini fomoli inafanya. Kwamba nyama ikikatwa haijafa bado, inaanza kujila yenyewe, na fomoli ndiyo inayoisimamisha kama ilivyokuwa mwilini, ili mtu wa mbali aione kama ilivyokuwa. Maji hayasimamishi kitu. Maji yanaharakisha. Mwaka mzima nimebeba vile vichupa na sikuwahi kuuliza. Na yeye hakuwahi kunieleza. Alisema hilo nalo ni kosa lake, aliniambia moto inatikisa, hakuniambia inatikisa nini.

Niliomba msamaha. Akasema, "Kwangu hapana. Miye najua sikutia maji. Enda uambie bamama."

Nilipoaga, mama yake alinipa mgongo, akageuza kakao.

Jumamosi, 14 Juni

Nimesema.

Kamati inakaa katika chumba cha chanjo. Wamama kumi na wawili kwenye mabenchi ya watoto, magoti juu. Mama Masika alikuwa amemleta Mama Katungu kwa nguvu za maneno, wamwombe pamoja. Muhindo alisimama mlangoni, amefika asubuhi. Daktari pia.

Niliomba nafasi. Niliacha kofia nje. Sikujua mikono niweke wapi. Nilisema Kiswahili changu cha Kindu na wengine hawakusikia vizuri, Mama Masika akawageuzia kwa Kinande, kwa hiyo kila aibu yangu ilisemwa mara mbili. Niliposema namba tisa hakuigeuza. Haikuhitaji.

Mtoto alilia chumba cha pili, akanyamazishwa.

Mama Katungu hakupaza sauti. "Siku zote hizi ulikuwa unakulaka sombe yangu na unanyamaza?"

"Ndiyo, Mama."

"Na jana?"

"Na jana."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyehakikisha hesabu. Nilitaka anitukane. Hakunitukana.

Mama mmoja alisema nifukuzwe. Mwingine akasema nipelekwe polisi. Daktari alisema uamuzi wa kazi ni wa mkubwa wa kituo, ila kamati ndiyo iliyoweka masharti, na sharti lililovunjwa ni lao, watoe mawazo. Mama Masika alikuna kiganja. Kisha akasema, "Tukimufukuza tutapata mwengine, naye hajui kitu. Huyu sasa anajua. Abebe. Lakini mama mumoja atatembea nyuma yake kila safari, mupaka Rughenda. Na kila mubebaji aelezwe iko nini mule ndani."

Muhindo anarudi kazini Jumatatu. Karatasi itabandikwa getini ikisema hakuuza dawa. Jina langu litakuwa kwenye karatasi. Niliulizwa kama nakubali. Nilikubali.

Mimi nilitoka wa mwisho. Nilipita njia ndefu kwenda nyumbani. Mlangoni kwangu hapakuwa na sahani. Ni haki.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda popote. Nilisikia Mama Katungu anafagia. Harufu ya majani bado ipo.

Jumatatu, 16 Juni

Mama Katungu amekubali. Mama Masika ndiye aliyeniambia, si yeye. Mama Katungu alisema mwizi akijitaja, mlinzi unaweza kumwamini tena. Asubuhi aliondoa majani, akaoga, akaenda akakatwa upya. Muhindo alimwonyesha fomoli kabla ya kuifunga, akamnusisha. Alikohoa, akasema hiyo ndiyo, inauma kama ukweli. Wauguzi walicheka. Bado namba tisa. Hakutaka kubadilishiwa.

Mchana alirudi na kile kichupa cha kwanza ndani ya kitambaa. Aligonga ukuta wangu kwa fimbo. "Leta jembe."

Nyuma ya jiko lake kuna migomba mitano. Kitovu cha kila mtoto wake kiko pale, alinionyesha ya nani na nani. Wawili wako Kampala, mmoja yuko Kamango, wawili wako udongoni. Nilichimba palepale alipoonyesha. Nimechimba misingi ya nyumba, mashimo ya choo, migodi. Shimo hilo lilikuwa la kiasi cha kikombe, na nililichimba polepole kuliko yote. Yeye mwenyewe alimwaga. Maji yangu yalitangulia, kisha kile kitu. Alisali Kinande. Nilirudisha udongo.

Sikusema samahani. Neno hilo lingekuwa dogo kuliko shimo.

Jumanne, 17 Juni

Sanduku. Vichupa vitatu. Wanawake wawili wamerudi baada ya kusoma karatasi getini, au kusomewa.

Wamama walipanga zamu ya kutembea nyuma yangu. Zamu ya kwanza alijiweka Mama Katungu. Daktari alimkataza, jeraha ni la jana. Alisema ziwa halina miguu. Basi tukaenda, mimi mbele, yeye nyuma na fimbo, kila mlima tunapumzika. Njia nzima tuliongea mara moja. Pale kwenye mteremko niliposimama nikamwonyesha mahali, yeye akasema, "Endelea."

Watu walitutazama. Motari mmoja aliita. Ni yuleyule. Nilitikisa kichwa.

Rughenda, mtu wa uwanjani aliangalia mistari. Mama Katungu naye aliinama akaangalia, mmoja mmoja, na vichupa vya wenzake pia. Ndege ilipoondoka aliitazama mpaka ikaingia mawinguni. Tulirudi kwa miguu.

Jumanne, 8 Julai

Majibu. Mama Katungu ana ile aina inayosikia kidonge. Mama Masika alipiga vigelegele kwenye korido mpaka akaambiwa anyamaze.

Daktari alimpima tena kwa kile kipimo chake cha chuma. Nilikuwa naweka maji kwenye pipa, nilisikia. Uvimbe umeongezeka tangu Mei. Alisema bado unawezekana, wakate ziwa kwanza, kisha kidonge, miaka. Lakini umeongezeka.

Wiki sita. Zile ni zangu. Hakuna kidonge cha kuzirudisha.

Alhamisi, 24 Julai

Wamemkata Mama Katungu ziwa leo. Ilikuwa kazi yangu kusukuma kitanda kutoka chumba cha upasuaji. Nilisukuma polepole, nikiinua magurudumu kwenye kila kizingiti. Alikuwa amelala. Upande wa kushoto shuka ilikuwa imelala chini.

Muhindo mwenyewe alibeba ndoo yenye ziwa hadi maabara. Alinipita, akaniambia, "Kwa miguu." Sikujua kama nicheke.

Jumapili, 10 Agosti

Mama Katungu amerudi nyumbani. Jua la kiangazi, vumbi limeanza. Migomba mitano, mmoja una mkungu mdogo.

Asubuhi alikuwa amekaa mlangoni, kidonge cha kwanza kiko kiganjani. Cheupe, kidogo kuliko nilivyodhani. Alikuwa peke yake. Aliniona napita na dumu.

"Rama. Letea miye maji."

Nilisimama. Yeye pia alijua alichoniomba, niliona usoni. Nilisuuza kikombe mara tatu. Nikateka kutoka mtungi wake, nikamletea kwa mikono miwili.

Aliangalia ndani ya kikombe. Kisha akaniangalia mimi, muda mrefu. Akaweka kidonge mdomoni, akanywa yote.

Alinirudishia kikombe. Nilienda kukiosha.